Kabla ya Kusaini Fomu: Hofu na Maswali ya Anayetaka Kupasuliwa Apunguze Uzito

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wastaafu na wageni wao, Dar es Salaam. Umechapwa kama ulivyosemwa, isipokuwa marekebisho madogo ya lugha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wazee wangu, ndugu wanafunzi wa uuguzi mliosimama kule ukutani kwa kukosa viti, na nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, mada niliyopewa ni mada ambayo watu huizungumza chumbani, mlango umefungwa.

Nijitambulishe sawasawa ili msije mkanipa cheo kisicho changu. Mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtaalamu wa lishe. Kazi yangu ni kukaa na mgonjwa kabla hajapasuliwa, na kukaa naye tena akishatoka wodini. Sishiki kisu, wala silipwi kwa hesabu ya watu wanaokikubali, kwa hiyo nikimsifu daktari wa upasuaji au nikimtilia shaka, mshahara wangu uko palepale.

Sikuja kumshawishi mtu apasuliwe, wala kumkataza. Kusudi langu ni kuzitazama hofu ambazo watu huja nazo, na kusema kwamba nyingi ni hofu za haki, ila zimerundikwa zote kwenye siku moja. Mtu anaogopa zile saa mbili za nusu kaputi, lakini mwaka wa tatu haumnyimi usingizi hata kidogo. Nami kwa kazi ninayoifanya nasema kinyume: siku ile iogope kwa kiasi, mwaka wa tatu uogope zaidi, na hofu zote mbili ziandike kwenye karatasi ziwe maswali, umpelekee daktari kabla hujasaini fomu ya ridhaa.

Hoja ya kwanza: ujue unachotaka kufanyiwa

Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene uliokithiri. Shirika hilo linauhesabu unene huo kuwa ugonjwa sugu, kama presha na kisukari. Nalitaja kwa sababu mgonjwa wangu wa kawaida huanza mazungumzo kwa kuomba radhi, kana kwamba amekuja kuungama.

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, madaktari Edward Mason na Chikashi Ito walianza kuwafanyia watu wanene upasuaji uliotokana na jambo walilolijua kutoka kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo: aliyekatwa sehemu ya tumbo hupungua, na kunenepa tena humwia vigumu. Kabla yao kulikuwa na upasuaji mwingine wa kuuruka utumbo karibu wote. Watu walikonda kweli, lakini wengi waliharibikiwa ini na figo, na mwishowe ukaachwa. Kwa hiyo mzee atakayeniambia ana ndugu aliyefanyiwa huko ng'ambo miaka ya sabini akaishia vibaya, sitambishia. Ninachomwambia ni kwamba upasuaji ule si huu.

Wa leo ni wa aina mbili hasa. Ya kwanza wengi huiita slivu: tumbo hukatwa kwa urefu, asilimia 75 hadi 80 yake hutolewa, likabaki bomba jembamba. Kilichotolewa hakirudishwi. Ya pili ni baipasi: sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko cha mililita 30 hivi, chini ya kikombe kimoja cha kahawa chungu, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba kwa chini, chakula kikaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Aina zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera.

Halafu kuna puto. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa mdomo, likajazwa likiwa tumboni, likakaa miezi sita au zaidi kutegemea aina, kisha likatolewa. Pale hospitali ya Mloganzila watu wamewekewa puto, na habari zikaenea mtaani zikiwa zimechanganyika. Kwa hiyo jirani akikuambia, "Mimi nilifanyiwa na jioni nikarudi nyumbani," muulize kwanza: puto au kisu?

Jambo moja zaidi, kwa sababu linajibu swali la "si ningejifunga mdomo tu?" Upasuaji huu haupunguzi nafasi ya chakula peke yake. Ile sehemu ya tumbo inayotolewa kwenye slivu ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Na chakula kinapofika utumboni haraka kuliko kawaida, utumbo hutoa homoni za shibe kwa wingi. Ndiyo maana sukari ya baadhi ya wenye kisukari huanza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, hata kilo hazijaondoka. Daktari Walter Pories na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 1995, na hata wao walishangaa.

Hoja ya pili: "Nitaamka?"

Hili swali mgonjwa haniulizi yeye mwenyewe. Huniuliza mama yake, kwenye korido, binti akiwa ameingia kupima damu.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu kwa siku 30 baada ya upasuaji wao wa kwanza wa namna hii. Waliofariki walikuwa takriban watatu katika kila elfu moja. Ni kiasi kidogo, kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini angalieni namba hiyo imetoka wapi: imetoka kwenye vituo vyenye uzoefu, vinavyofanya kazi hii wiki baada ya wiki. Haihamishiki moja kwa moja kwenda kwenye hospitali inayofanya upasuaji kama huu mara chache kwa mwaka. Ndiyo maana namwambia mama yule asiishie kuuliza "Ni hatari?", maana atajibiwa "Kila upasuaji una hatari zake," na hapo atakuwa hajajibiwa kitu. Aulize hivi: Daktari, wewe mwenyewe umefanya wangapi? Hospitali hii hufanya wangapi kwa mwaka? Wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Na likitokea tatizo saa nane za usiku, anayeitwa ni nani, na anakaa wapi?

Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Akichukizwa, mshukuru, chukua mkoba wako, utafute mwingine.

Matatizo makubwa ya siku za mwanzo ni matatu: kuvuja pale palipokatwa au kuunganishwa, kuvuja damu, na damu kuganda miguuni kisha kipande kikapanda hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana muuguzi atakuamsha utembee siku ileile, nawe utamchukia. Mwache akuamshe. Ukiwa umesharudi nyumbani, moyo ukaenda mbio bila sababu, homa ikapanda, ukapata maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, au pumzi ikawa fupi, usingoje asubuhi, wala usingoje kliniki ya Jumatatu.

Wanaokoroma nao wana neno lao. Mtu mnene anayekoroma kwa nguvu huenda pumzi humkatika usingizini bila yeye kujua, na daktari wa usingizi anapaswa kulijua hilo kabla ya kumlaza. Bahati mbaya mkoromaji hajisikii. (Kicheko.) Naona akina mama mnacheka na waume zenu wametazama dari. Nendeni kliniki pamoja, maana shahidi ni yule anayelala upande wa pili wa kitanda.

Upande wa pili wa mizani, kutopasuliwa nako kuna hatari zake. Huko Uswidi, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu wanapata matibabu ya kawaida. Ripoti yao ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa kiwango cha chini kwa zaidi ya robo, hesabu zikishasawazishwa. Mwalimu wa hisabati aliye hapa ataniuliza kama watu wale waligawanywa kwa kura. Hawakugawanywa kwa kura, walichagua wenyewe. Na walikuwa Waswidi, wenye kliniki za Kiswidi. Hata hivyo, mwenye kilo nyingi, kisukari na presha asijidanganye kwamba kubaki alivyo ndiko salama.

Hoja ya tatu: je, ninafaa?

Hapa nitapita haraka. Madaktari huanza na kipimo cha uwiano wa uzito na urefu: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 105 anapata 41. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka 40 na kuendelea, au 35 kwa mwenye magonjwa yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya kitaalamu vya upasuaji huu vilishusha ngazi: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 inaweza kufikiriwa kwa mwenye kisukari cha aina ya pili na mengine ya jinsi hiyo. Kipimo chenyewe kina asili ya karne ya 19, kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa hata daktari. Hakitofautishi misuli na mafuta. Kitumieni kama mlango wa kuingilia mazungumzo, msikifanye hakimu.

Wapo wanaopaswa kungoja: mwenye mimba, mwenye sonona isiyotibiwa, aliyezama kwenye pombe, anayevuta sigara na hajaacha. Na yupo mmoja ambaye vitabu havimtaji, bibi harusi wa Desemba. Huja mwezi wa tisa na kadi ya mchango mkononi, anataka gauni liingie. Huyo namrudisha. Kamati ya harusi haipangi tarehe za upasuaji.

Hoja ya nne: karamu ya kuaga chakula

Maandalizi ni mengi, na hospitali itakupa orodha: vipimo vya damu, moyo, ultrasaundi ya tumbo, kamera ya kuangalia ndani ya tumbo la chakula, kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Sitayarudia yote. Nitagusa moja tu ambalo watu hulivunja karibu wote.

Kwa wiki mbili hivi kabla ya upasuaji unaambiwa upunguze sana wanga na mafuta. Si adhabu, wala si mtihani wa kukupima utii. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, limevimba, limelala juu ya tumbo palepale daktari anapotaka kupita. Likipata wiki mbili za chakula chepesi hunywea, njia ikafunguka. Sasa wenzetu wiki hizo hizo ndizo wanazoagia. Jumatatu biriani, Jumanne kitimoto, Ijumaa pilau kwa shangazi kwa sababu "ndiyo mwisho." Mgonjwa anakuja kupimwa ana kilo tatu zaidi ya alizoondoka nazo, na daktari anaahirisha. Mimi simlaumu sana. Anaomboleza kitu anachokipenda. Namwambia tu kwamba si msiba: mwakani pilau atakula, ila vijiko vichache.

Hoja ya tano: nitakula nini, na mpaka lini?

Hapa ndipo kwangu, Mwenyekiti, utanivumilia.

Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, fundo moja moja. Kisha maziwa, mtindi, uji mwepesi usio na sukari. Kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na kufikia mwezi wa pili mtu anarudi kwenye chakula cha nyumbani. Akirudi, anakuta sahani yetu imepangwa kinyume na tumbo lake jipya. Sisi hupakua mlima wa ugali, mchuzi pembeni, na kipande cha samaki ambacho mtu huringa nacho mpaka tonge la mwisho. Mwenye tumbo dogo akianza na ugali, samaki hamfikii. Na protini ndiyo anayoihitaji, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili kinachoyeyuka yawe mafuta na misuli ibaki. Basi aanze na samaki, afuatishe mboga, na ugali uje mwisho kama una pa kukaa. Wali mkavu, chapati, mkate na nyama choma ngumu huwakwama wengi. Maji asinywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa.

Watu huniuliza kama chakula hiki ni cha matajiri. Dagaa je? Mayai, maharage yaliyopondwa, mtindi, perege wa kuchemsha? Ninaye mama mmoja, simsemi alipo, anayetembea na kisosi chake cha bati kwenye mkoba. Akifika ugenini anakitoa, anampa mwenyeji mwenyewe ampakulie. Ameshaona kwamba akikataa chakula, mwenyeji huumia, na akipakuliwa sahani nzima akaacha, huumia zaidi. Kisosi kikijaa, mwenyeji anaridhika. Ujanja huo hakuupata kwangu, nami tangu hapo naufundisha.

Soda, juisi ya miwa na chai ya sukari nyingi, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, huweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota, kuhara na kizunguzungu, pengine katikati ya mkutano. Wengine husema hilo ndilo fundisho bora kuliko langu.

Sasa vidonge. Aliyepasuliwa atameza vitamini na madini maisha yake yote: vitamini mchanganyiko, madini chuma, kalsiamu, vitamini D, vitamini B12. Nikisema yote, nina maana ya miaka 30 kama Mungu akimjalia. B12 ikipungua, neva huharibika. Madini chuma yakipungua, damu huisha, na mwanamke anayepata hedhi huathirika mapema. Kwa hiyo kabla ya kusaini, nenda duka la dawa, uliza bei ya mwezi mmoja, zidisha kwa 12, kisha jiulize kama mwaka wa tano, ada za shule zikiwa zimepanda, utaendelea kununua. Swali hili lina uzito kuliko bei ya upasuaji wenyewe, na karibu hakuna anayeliuliza.

Anayetapika siku nyingi mfululizo asiambiwe na ndugu kwamba "ni kawaida yao." Vitamini B1 huisha mwilini upesi, na ikiisha hudhuru ubongo. Arudi hospitali.

Dawa nyingine nazo zibadilike. Diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani kwa maumivu ya kiuno huweza kuleta vidonda pale tumbo la baipasi lilipounganishwa na utumbo. Na kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir, ambao nchini mwetu ni wengi: kalsiamu na madini chuma hushikamana na dawa hiyo tumboni, ikashindwa kuingia vizuri kwenye damu. Ikimezwa bila chakula, inapaswa kutangulia vidonge hivyo kwa muda wa saa mbili, au kuvifuata baada ya saa sita. Nasema hadharani kwa sababu wapo wanaomficha daktari wa upasuaji hali yao kwa kuona haya. Huyo ni mtu wa kumweleza yote.

Kuhusu Ramadhani, ambalo najua litaulizwa: mwaka wa kwanza madaktari wengi hushauri mtu asifunge, kwa sababu maji anayoweza kunywa kwa wakati mmoja ni kidogo na kutwa nzima bila maji humkausha. Baada ya hapo kila mtu na vipimo vyake. Mwulize daktari kwanza, kisha mpelekee shehe majibu ya daktari. Mwenye jambo kamili mbele yake hutoa jibu kamili.

Hoja ya sita: watu watasemaje?

Kwetu unene ulikuwa habari njema. Mwanamke aliyenawiri baada ya ndoa ni sifa ya mumewe; mwanamume mwenye kitambi ni bosi hata kama hana kitu benki. Na kukonda kulikuwa na maana moja. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ya 1980. Majirani zetu Uganda waliuita UKIMWI "silimu", yaani wembamba wenyewe ndio ulikuwa jina la ugonjwa. Sasa mtu apungue kilo 30 ndani ya miezi michache, katika mtaa wenye kumbukumbu hiyo, akatize sokoni. Mnadhani watasema amefanyiwa baipasi?

Kwa hiyo amua mapema utamwambia nani. Ushauri wangu ni mwenzi wako na mtu mmoja zaidi atakayejua namba ya daktari. Wengine huna deni nao. Atakayekuambia umepita njia ya mkato, mwalike akae nawe wiki mbili za supu iliyochujwa.

Na mwili wenyewe utakushangaza. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hudondoka, kwa wengi huota tena. Ngozi ya mikono, tumbo na matiti hulegea, na mazoezi hayairudishi yote. Wapo wanaofika kwenye uzito walioutamani wakakuta huzuni imewangoja palepale, kwa sababu haikuletwa na unene. Tafiti zimeonyesha kuwa baadhi ya waliopasuliwa huingia kwenye unywaji wa kupindukia, maana pombe baada ya baipasi hupanda upesi na kwa nguvu. Na baadhi hufikia kutaka kujidhuru. Ndiyo sababu unapelekwa kwa mwanasaikolojia kabla. Hakuna aliyesema una wazimu.

Kwa akina dada: hedhi iliyokuwa imepotea kwa unene hurudi, na mimba huingia kabla mwenyewe hajatarajia. Inashauriwa ingojewe miezi 12 hadi 18. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea, kwa hiyo zungumzeni na daktari habari za kitanzi au vijiti kabla ya upasuaji.

Hoja ya saba: wapi, na mwaka wa tatu ni wa nani?

Wenye uwezo wanakwenda India na Uturuki. Bei huja kwa furushi moja: upasuaji, hoteli, gari la uwanja wa ndege. Sina ugomvi na madaktari wa huko, wengi wao ni hodari. Ila furushi hilo halina mwaka wa tatu ndani yake. Utafiti ule wa Uswidi ulionyesha kuwa uzito hufika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, halafu huanza kupanda kidogo kidogo. Waliofanyiwa baipasi, baada ya miaka 10, walikuwa bado wamepungua takriban robo ya uzito wao wa mwanzo. Robo si haba. Lakini pale unapoanza kupanda ndipo mtu anapohitaji kupimwa damu, kuulizwa anakulaje, kushikwa mkono. Wakati huo daktari aliyempasua yuko safari ya saa nyingi kwa ndege.

Anayekwenda nje basi atafute kwanza daktari wa hapa atakayekubali kumpokea, amwone kabla ya kukata tiketi. Arudi na ripoti ya upasuaji kwa maandishi: aina gani, kifuko ukubwa gani, utumbo umeunganishwa wapi. Aulize apumzike siku ngapi kabla ya kupanda ndege, kwa ajili ya ile damu inayoganda. Mwenye bima aulize kwa maandishi nini kinalipwa, na je, matatizo yatakayotokea baadaye yanalipwa. Na kama ili upasuaji ufanyike inabidi shamba liuzwe, mimi nasema shamba lisiuzwe, maana mwaka wa tatu hautakuwa na cha kuuza.

Mwenyekiti, namalizia kwa yanayokuja, maana mambo haya yanabadilika tukiyatazama. Sindano za semaglutaidi zilionyesha katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 kuwa hupunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, ingawa wengi wakiacha sindano sehemu kubwa ya uzito hurudi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hilo kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa baadhi ya wenye kisukari. Mwaka 2026 hataza ya semaglutaidi inafikia ukomo katika nchi kadhaa, zikiwemo India na China, na dawa zetu nyingi, mnajua, hutoka India. Bei itashuka. Mgonjwa ambaye leo anachagua kati ya kisu na kukaa hivyohivyo, kesho kutwa atakuwa na njia ya tatu, na wengine watatumia zote mbili kwa zamu.

Vyovyote itakavyokuwa, hesabu ya waliopasuliwa itaongezeka, na hawataishi wote Dar es Salaam. Ningependa kuona daftari la taifa lenye kila aliyepasuliwa, awe alipasuliwa hapa au nje, na kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mtu mmoja wa lishe anayejua nini cha kupima na lini. Ninyi wanafunzi kule ukutani, mnahusika. Mwaka 2035 mmoja wenu atakuwa zamu Kigoma, ataletewa mama mwembamba, amechoka, miguu inawaka moto, damu kidogo. Kabla hujaandika malaria, muulize kama aliwahi kupasuliwa tumbo, na vidonge vyake vya mwisho alinunua lini.

Nimeona karatasi za maswali zimeshaanza kupita. Zisizo na jina pia nitazijibu. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianzie viti vya nyuma.